Randi 5 na Watoto 8: Je, Baba Huyu Aliipenda Familia Yake?



Katika matanga ya mwanamume Mkristo huwa tunasikia sifa mbili zikirudiwa. Ndugu zake husimama na kusema, "Marehemu aliipenda familia yake." Kisha mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo husimama na kusema, "Marehemu alilitumikia Kanisa." Sisi sote hutikisa kichwa kwa kukubali. Lakini nyumbani, kabla ya siku hiyo ya matanga, sifa hizo mbili mara nyingi hugombana. Mama analalamika kwamba mumewe yuko parokiani kila jioni na watoto hawamjui. Baba anajibu kwamba kazi ya Mungu lazima itangulie. Wako na akina baba wengine wanaojitetea kwa upande wa pili: "Mimi nina watoto wa kulisha, mambo ya Kanisa wayafanye wasio na mzigo."

Je, mwanamume anaweza kuwa wa familia yake kabisa na wa Mungu kabisa? Na siku mambo hayo mawili yakigongana, afanye nini? Sisi makatekista huulizwa swali hili mara nyingi, na ni rahisi kulijibu kwa maneno mazuri tu. Leo nataka tulitazame katika maisha ya baba mmoja Mwafrika, katekista na mwalimu, ambaye swali hilo lilimfikia kwa ukali ambao wengi wetu hatujauonja.

MWALIMU WA MBAHE

Benedict Daswa alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, sehemu za Venda, kaskazini mwa Afrika Kusini, katika mkoa ambao leo unaitwa Limpopo. Hakuzaliwa Mkatoliki. Watu wake walikuwa wa ukoo wa Walemba, ambao wana desturi nyingi zinazofanana na za Wayahudi. Aliijua imani akiwa kijana, akafundishwa na katekista, akabatizwa tarehe 21 Aprili 1963. Alijichagulia jina la Benedict, na akashika mwongozo wa wafuasi wa mtakatifu huyo: sala na kazi.

Baba yake alipofariki, Benedict, akiwa mtoto wa kwanza, alibeba mzigo wa nyumba na kuwasaidia wadogo zake kwenda shule. Alisomea ualimu, na mwaka wa 1979 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Nweli. Alimwoa Eveline Monyai, nao Mungu akawajalia watoto 8.

Kanisani alikuwa katekista. Padre asipofika, ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili. Aliwalea vijana na kuwatembelea wagonjwa. Wakristo wa Nweli walipojenga kanisa lao, alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi. Alipenda pia mpira wa miguu. Timu aliyosaidia kuianzisha kijijini ilipoanza kufungwa, wachezaji walitaka kutumia dawa za mganga ili washinde. Benedict alikataa. Alipoona hawasikii, aliondoka akaanzisha timu nyingine.

Sasa tuingie nyumbani kwake, maana ukurasa wetu huu ni wa ndoa. Mwanamume huyu, mwalimu mkuu mwenye heshima zake, alikuwa akimsaidia mkewe kufua nguo za watoto na kufanya kazi ambazo kijiji kizima kilisema ni za wanawake. Wanaume wenzake walimcheka. Walisema amelishwa dawa na mkewe. Yeye hakuacha. Jioni aliwakusanya watoto kwa sala. Na kila mwaka familia ilikuwa na siku yake maalumu, waliyoiita Siku ya Daswa, ya kukaa pamoja na kumshukuru Mungu.

Kwa juhudi zake alijijengea nyumba ya matofali katika kijiji cha nyumba za nyasi, na akanunua gari. Wengine walifurahi naye, wengine walimwonea kijicho. Mnajua jinsi vijiji vyetu vilivyo.

RANDI 5

Mwezi wa Januari 1990 mvua kubwa zilinyesha sehemu hizo, na radi ikapiga Mbahe na kuchoma nyumba. Wazee wakakutana. Wakasema radi haipigi bure, lazima kuna mchawi. Wakakata shauri kila mtu atoe randi 5, wapate fedha za kumwendea mganga ili awaonyeshe mchawi huyo.

Benedict alifika mkutanoni wakati shauri lilikuwa limeshakatwa. Alijaribu kuwaeleza kwamba radi ni jambo la maumbile, kama mvua na upepo. Hawakumsikiliza. Basi akasema kwamba imani yake haimruhusu kushiriki katika mambo ya uchawi, na kwamba hatatoa hizo randi 5.

Tarehe 2 Februari 1990, sikukuu ya Bwana Kutolewa Hekaluni, alishinda akiwahudumia watu kwa gari lake. Alimpeleka shemeji yake na mtoto mgonjwa kwa daktari. Jioni alimpakia mtu mmoja aliyekuwa na gunia la unga. Alimshusha binti yake karibu na nyumbani, akamwambia amjulishe mama kwamba atarudi baada ya kumfikisha mtu huyo kwao. Wakati wa kurudi alikuta njia imezibwa kwa magogo. Aliposhuka kuyaondoa, kundi la watu likamrushia mawe. Alikimbia huku damu ikimtoka, akajificha katika nyumba ya mama mmoja. Watu wale walimtishia mama yule kwamba watamuua asipomtoa. Benedict akatoka mwenyewe. Alimkabidhi Mungu roho yake, wakampiga rungu la kichwa, wakammwagia maji ya moto.

Alikuwa na umri wa miaka 43. Mkewe alikuwa mjamzito, na mtoto wao wa 8 alizaliwa miezi kama minne baadaye, hakumwona baba yake. Siku ile ile Benedict alipouawa, Rais F. W. de Klerk alitangaza bungeni kwamba Nelson Mandela angefunguliwa. Nchi nzima ilikuwa ikisherehekea mwisho wa kifungo kirefu, na huko Mbahe mama mmoja akawa mjane.

Tarehe 13 Septemba 2015 Kanisa lilimtangaza Benedict Daswa kuwa Mwenyeheri na mfiadini, katika misa kubwa iliyofanyika huko huko Limpopo. Sikukuu yake ni tarehe 1 Februari.

SWALI LISILOTAKA KUNYAMAZA

Mpendwa msomaji, Kanisa limekwisha kutoa neno lake. Hata hivyo, mama fulani anaweza kusoma habari hii hapo jikoni kwake na kuuliza: "Baba huyu alikuwa na fedha. Randi 5 si kitu kwa mwalimu mkuu. Kwa nini hakutoa tu, akalinda maisha yake, akarudi nyumbani kwa mke mjamzito na watoto 7? Angeweza kuungama Jumamosi. Je, aliwapenda kweli?"

Swali hilo si la dharau, wala si la mtu asiye na imani. Mwenye kuuliza hivyo anajua bei ya unga na karo ya shule. Tusimkemee. Tumjibu.

Kwanza, tuulize randi 5 zile zilikuwa za kununua nini. Hazikuwa mchango wa maji wala wa barabara. Zilikuwa za kumtafuta mtu wa kulaumiwa, na mtu akishaitwa mchawi katika kijiji chenye hofu, wote wanajua yatakayomfuata. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu zaidi ya 10, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Pwani pia, sehemu za Kilifi, wazee wameuawa kwa sababu hiyo hiyo, na mara nyingine nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba ambalo mtu analitamani. Kwa hiyo randi 5 zile zingeweza kununua kifo cha mama wa mtu, au nyanya wa mtu. Benedict aliombwa ailinde familia yake kwa kuitoa familia ya mwingine. Je, huo ni upendo? Upendo wa nyumba yangu unaohitaji nyumba ya jirani iteketee ni ubinafsi uliovaa nguo ya upendo.

Pili, hakutafuta kifo. Jambo hili ni muhimu sana kwa waume na wake. Kuna wanaume wanaojitia katika hatari kwa ukaidi, kwa sifa, kwa kutotaka kushindwa katika maneno, kisha wakauita ukaidi huo imani. Benedict hakuwatukana wazee. Alieleza kwa upole kisha akakataa. Alipopigwa mawe alikimbia. Alijificha. Mtu anayetaka kufa hakimbii. Alifanya yote ambayo baba wa watoto anapaswa kufanya ili arudi nyumbani, isipokuwa jambo moja tu: hakukubali mama aliyemficha auawe badala yake. Hata pale mwishoni alikuwa akimlinda mwanamke nyumbani kwake.

Tatu, tufikiri ni nini baba anachowadai watoto wake. Ni chakula, naam. Ni mavazi, karo, na paa lisilovuja. Asiyetoa hayo akiwa na uwezo asijidanganye kwamba anampenda Mungu. Lakini watoto wanahitaji pia kujua kwamba yale waliyofundishwa jioni kwenye sala ni kweli hata asubuhi penye hatari. Benedict aliwafundisha kwamba Mungu ana nguvu kuliko radi na kuliko mganga. Kama angetoa fedha, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini sala ya jioni ile ingekuwa na tundu, na watoto wana macho. Wanaona tundu kabla yetu. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ya kwanza ni yale ambayo mtoto anamwona baba akiyatenda.

TUSIMSAHAU EVELINE

Baada ya kusema hayo, nakuomba usifunge habari hii kwa wimbo wa furaha tu. Sisi Wakristo hupenda kuimba habari za wafiadini, na tunawasahau wake zao. Mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni hawakuwa vijana wa ikulu peke yao. Andrea Kaggwa na Mathias Mulumba, waliouawa mwaka wa 1886, walikuwa wanaume wenye familia. Kila mmoja aliacha nyumba yenye kilio.

Eveline naye alilipa. Mumewe alilipa usiku mmoja, yeye alilipa kila asubuhi alipoamka na kuwaona watoto wale 8. Kumsifu Benedict bila kumkumbuka Eveline ni nusu ya haki. Kwa hiyo naona wajibu wa namna mbili.

Wajibu wa kwanza ni wa mume na mke. Msiache mambo haya hadi siku ya mkutano wa wazee. Mume asikate shauri zito peke yake, kisha mke alisikie kwa majirani. Zungumzeni mapema: katika nyumba yetu, ni kitu gani hatutakifanya hata tukilipwa, hata tukitishwa? Mume na mke wakilijua jambo hilo pamoja, mzigo ukija unabebwa na mabega mawili.

Wajibu wa pili ni wetu sote katika jumuiya. Baba anayelitumikia Kanisa ana haki ya kujua kwamba siku akianguka, watoto wake hawatakuwa yatima wa kijiji. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliposhauriana mwaka wa 1976 kuhusu kuzijenga jumuiya ndogo za Kikristo, hawakutaka ziwe za kusali rozari tu. Jumuiya inayojaza kanisa siku ya mazishi na kumsahau mjane baada ya arobaini imemtumia marehemu, haikumpenda.

WANAOLITUMIKIA KANISA NA KUIACHA NYUMBA

Najua kuna baba atakayesoma habari hii na kumwambia mkewe, "Unaona? Kanisa kwanza!" Ndugu yangu, usijifiche nyuma ya Benedict Daswa. Huyo hakufikia ushujaa wake kwa kukaa vikao vya kamati hadi saa nne za usiku huku mkewe akibembeleza mtoto mgonjwa peke yake. Alifika kwa kufua nepi. Paulo Mtume, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, anauliza mtu asiyeweza kuiongoza nyumba yake mwenyewe ataliangaliaje Kanisa la Mungu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifundisha familia ya Kikristo kwamba ni kama Kanisa la nyumbani. Kama ni hivyo, basi baba anayekosekana nyumbani amekosa misa moja hata kama hakukosa hata Jumapili moja parokiani.

Tazama jambo hili kwa makini. Mwanamume aliyevumilia kuchekwa na wanaume wenzake kwa sababu ya kumsaidia mkewe, ndiye aliyeweza kusimama peke yake mbele ya wazee. Aliyeiacha timu ya mpira kwa sababu ya dawa za mganga, ndiye aliyekataa randi 5 za mganga. Ujasiri haukumshukia siku ya mkutano. Aliujenga nyumbani, kidogo kidogo, haba na haba. Ndiyo sababu nasema huduma ya nyumbani na huduma ya Kanisa si magunia mawili yanayogombea bega moja. Ni moyo mmoja unaofanya kazi mahali pawili. Moyo ukiwa mzima, utajua saa ya kukaa nyumbani na saa ya kutoka. Ukigawanyika, utakuwa mzigo kote kuwili.

RANDI 5 ZETU

Huenda wewe hutaulizwa kamwe kutoa fedha za kumsaka mchawi. Lakini randi 5 zina sura nyingi. Mtoto wako anafanya mtihani wa kidato cha nne, na mtu anakunong'oneza kwamba karatasi inauzwa. "Ni kwa ajili ya mtoto," utajiambia. Ndugu zako wanataka mjane wa kaka yako aondolewe shambani, wanakuomba unyamaze tu. "Ni kwa ajili ya amani ya ukoo." Ofisini unaambiwa utie sahihi risiti ambayo si ya kweli. "Ni kwa ajili ya karo." Kila mara bei ni ndogo, na kila mara sababu ni familia. Shetani ni mjanja, hatujaribu kwa vitu tusivyovipenda. Hutujaribu kwa watoto wetu.

Hapo ndipo unapopaswa kuuliza: nikitoa hiki kidogo, ni nani atakayelipa kingine? Na watoto wangu wakijua siku moja, je, nitaweza kuwatazama machoni?

Mama, wewe pia una sehemu. Mume akirudi bila fedha ambazo angeweza kuzipata kwa njia mbaya, usimwambie kwamba waume wa wenzako wanajua kutafuta. Neno hilo moja limewavunja wanaume wengi kuliko tamaa yao wenyewe. Mwambie, "Tutakula sukuma wiki, na tutalala." Mwanamume aliyeambiwa hivyo na mkewe hata wazee wa kijiji hawamwogopeshi.

Jibu langu basi ni hili: ndiyo, Benedict Daswa aliipenda familia yake, na siku ile hakuiacha ili amfuate Mungu. Aliikataa bei ambayo ingeifanya nyumba yake isimame juu ya damu ya mwingine. Gharama ilikuwa kubwa mno, na hatuna ruhusa ya kuifanya ionekane ndogo. Lakini watoto wake walibaki na jina ambalo hawana haja ya kulificha.

Kabla hujalala usiku huu, keti na mwenzako, mjadiliane maswali haya matatu:

1. Ni kitu gani ambacho katika nyumba yetu hatutakifanya, hata kama ni kwa ajili ya watoto?

2. Je, huduma ya mmoja wetu kanisani inampa mwenzake nguvu, au inamwachia mzigo peke yake?

3. Katika jumuiya yetu kuna mjane gani ambaye tulimlilia siku ya mazishi na hatujamtembelea tangu hapo?

Swali la tatu msiliache mezani. Jumapili hii, baada ya misa, shikeni njia mwende kwake.

Mwenyeheri Benedict Daswa, baba wa familia na katekista, utuombee.